Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Lundo la Shaba na Kwa Nini Tulilibomoa

Ndugu wanachama,

Mikutano 4 ya robo mwaka ilifanyika hapa Nairobi. Mafunzo ya usalama wa asidi yalifanyika, vibali vya NEMA, mamlaka ya mazingira, vilifuatiliwa, hesabu mmeshazisoma. Hayo tuyaache.

Najua kilichowaleta leo: kwa nini kamati ilisimamisha kazi ya lundo, yaani yale mawe ya shaba tunayoyadondoshea asidi ili iyeyushe shaba na kuishusha bwawani, ikalibomoa lote na kulipanga upya, na pesa mlizozitarajia kama gawio zikaishia kwenye mawe. Maneno nimeyasikia. Mengi yalisemwa kwenye WhatsApp ya chama, mahali ambapo kila mtu ni mhandisi.

Malakaiti yetu, lile jiwe la kijani lenye shaba, haina ubishi na asidi ya salfuriki. Krisokola, jiwe jingine la shaba, ni mzito kidogo, lakini nao huachia shaba ukiupa muda. Kosa lilikuwa kwenye upangaji. Lori lilipanda juu ya lundo kumwaga mzigo, magurudumu yakalishindilia kama barabara ya murram. Vumbi na udongo wa mfinyanzi viliachwa vilivyo. Mipira ya dripu ilipofunguliwa, asidi ilituama madimbwi juu, kisha ikajitafutia mikondo ya pembeni huku mawe ya katikati yakibaki makavu. Maji yaliyofika bwawani hayakuwa hata na gramu 1 ya shaba kwa lita. Rangi yake hafifu mliiona kwenye picha. Waliosema tuongeze asidi wajue kwamba ukimwagia asidi zaidi lundo lililoziba, unalisha bwawa, mawe hayapati kitu.

Kwa hiyo nilitoa amri, na sijutii. Mawe yalipondwa upya hadi milimita 20. Kila tani ilipita kwenye pipa linalozunguka, lililovishwa mpira ndani kwa sababu asidi iliyochanganywa na maji hula chuma haraka. Humo ilipewa kilo 80 hadi 100 za maji, na asidi kwa kipimo cha maabara, mpaka vumbi likashika kwenye kokoto. Kipimo cha mkono ni rahisi: ukifinya tonge lishikamane, lakini lisidondoshe maji. Mawe yakalazwa siku 2 kabla ya kupangwa kwa mkanda hadi kimo cha mita 3, bila gurudumu wala buti kukanyaga juu. Chini kuna udongo ulioshindiliwa, karatasi ya plastiki ya bwawa ya milimita 1.5, mchanga, halafu mabomba yenye matundu. Dripu ni lita 6 kwa saa kwa kila mita ya mraba. Anayefungua koki zaidi usiku ili "kuharakisha" anarudisha mikondo ileile.

Kuhusu mizigo ya mawe iliyokataliwa, sikumbagua mtu. Kila asilimia 1 ya chokaa ndani ya jiwe hula karibu kilo 10 za asidi kwa tani, kisha huacha jasi inayoziba lundo. Shaba yenyewe inahitaji kilo 1.54 tu za asidi kwa kila kilo. Jiwe lenye shaba asilimia 2 na chokaa asilimia 5 linatumia asidi nyingi kwa chokaa kuliko kwa shaba. Na msiniletee habari za kudondoshea jiwe tone la asidi na kutafuta chokaa kwa povu: malakaiti nayo hutoa povu. Ndiyo maana tunapima asidi iliyoliwa, kwa chupa inayozungushwa ikiwa na jiwe lililosagwa na asidi.

Wapo wanaotaka mtambo wa umeme wa kutoa shaba safi ya asilimia 99.99. Ni kweli, mtambo huo hurudisha asidi, na vyuma chakavu tunavyotia kwenye matangi ili shaba ijitenge na maji ya bwawa havirudishi. Lakini unataka umeme wa takriban kilowati-saa 2,000 kwa kila tani ya shaba, usiokatika. Kwa sasa tunatumia vyuma kutoka Kariobangi, hasa makombo ya mashine za kukereza. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya shaba inataka kilo 0.88 za chuma. Kwa uhalisia kilo 1.5 hadi 2.5, kwa kuwa asidi iliyobaki nayo inakula chuma. Vyuma vyenye rangi au grisi tusiletewe. Matangi yabaki wazi kwenye upepo: gesi ya haidrojeni inatoka hapo, na jiwe likiwa na aseniki hutoka gesi inayoua. Jiwe lolote jipya lipimwe aseniki kwanza.

Sasa mahudhurio. Mikutano 2 kati ya 4 haikutimiza akidi. Kati ya wanachama 58, waliolipa ada kamili ni 21, na wanaolalamika kuhusu gawio wengi hawamo kati ya hao 21.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutaongeza lundo la pili, na huenda tukaanza mazungumzo kuhusu ule mtambo wa umeme. Asidi haiuzwi kwa mkopo. Mweka hazina ameketi mezani pale mlangoni, na daftari la risiti analo.