Uchakavu wa betri uhesabiwe kwenye bei ya umeme wa jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wa Tabora huliacha kando kila tunapojadili umeme wa jua, nalo ni kuchakaa kwa betri. Tunahesabu megawati za paneli, kama tulivyozihesabu zile 50 za awamu ya kwanza ya mradi wa majirani zetu wa Kishapu, lakini mtambo unaojengwa pamoja na betri huwa na sehemu mbili zenye umri tofauti: paneli huweza kutumika miaka 25 na zaidi, ilhali betri hulazimika kubadilishwa mapema.

Kila betri inapojazwa na kutumiwa, uwezo wake hupungua kidogo, na hupungua zaidi ikitumiwa hadi kukaribia kwisha. Zaidi ya hapo, betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa bila kazi, hasa ikiwa imejaa kabisa na imewekwa mahali pa joto. Anayeijua Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza anaweza kukisia hali ya betri zilizofungiwa ndani ya kontena la chuma lisilopozwa. Kwa betri za asidi, mafundi hukadiria kwamba joto likizidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 nyingine, umri wake hupungua kwa karibu nusu.

Kwa hiyo msimamizi makini hataijaza betri saa tano asubuhi na kuiacha imejaa hadi jioni. Wakati wa kiangazi ataipangia ijae jua linapokaribia kuzama, na siku ambazo utabiri unaonyesha mawingu ataanza mapema. Kazi hiyo inahitaji mtu aliyefundishwa, anayeishi karibu na mtambo.

Naziomba EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na REA, yaani wakala wa nishati vijijini, zimtake kila mwekezaji aonyeshe gharama ya uchakavu katika kila uniti, atenge fedha za betri mpya tangu mwezi wa kwanza, na mkataba utamke nani atalipa uwezo wa betri ukishuka chini ya asilimia 80 ya ule wa awali. Vilevile, kwa kuwa uniti ya saa mbili usiku imepitia kwenye betri na ya mchana haikupitia, naona ni haki kabisa wenye mashine za kukoboa mpunga wa Igunga na Nzega, pamoja na pampu za maji za vijiji, wauziwe umeme wa mchana kwa bei ya chini.

Mwalimu wa fizikia,
Urambo, Tabora