Heri ya Krismasi wapendwa, na ile bahasha ya mama

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Heri ya Krismasi kwenu nyote, mlioko Dar, Moshi, Arusha, Mwanza, na ndugu zetu walioko nje ambao mwaka huu hawajapata ruhusa ya kuja nyumbani. Mungu ametufikisha Desemba 2024 na siyo kwa ujanja wetu. Salamu hizi huwa anaandika kaka mkubwa, ila safari hii kasema niandike mimi, basi mnivumilie.

Mwaka umekuwa mgumu, tusidanganyane. Ulianza na sukari, mnakumbuka, kilo ikapita elfu nne na bado unafika dukani unaambiwa haipo. Mwezi wa tano mama akatutoka, mvua inanyesha mpaka tunahofia gari halitapanda kilima. Mwezi wa nane ofisini kwetu wakapunguza watu na mimi nikawemo, barua nimekabidhiwa Ijumaa jioni nikiwa sina hata senti ya ada ya Septemba. Halafu Jumamosi ile ya Novemba 16 ghorofa la Kariakoo likaanguka, watu wametoka makwao asubuhi kwenda kutafuta riziki na zaidi ya 20 hawakurudi, Krismasi hii kuna nyumba zitapika pilau na kiti kimoja kitupu. Kwa hiyo mtu akinitumia "shukuruni kwa kila jambo" asubuhi asubuhi, kuna siku nilikuwa naifuta tu.

Kilichonigeuza ni bahasha.

Wiki moja baada ya mazishi mimi na dada tulikuwa tunapanga vitu chumbani kwa mama, tukafungua Biblia yake, ile iliyoshonwa jalada kwa uzi, ndani tukakuta bahasha ya shukrani ya usharika imeshaandaliwa. Nyie mnamjua, sadaka yake ilikuwa tayari tangu Jumamosi mchana. Ndani kuna noti ya elfu moja imekunjwa mara nne. Juu kaandika kwa peni ya bluu, herufi zinatetemeka na kupanda mlima: "Nashukuru kwa jicho linaloona, na mtoto wa jirani aliyenichotea maji."

Jicho linaloona jamani. Mimi miaka miwili mizima nilikuwa naombea lile lililopofuka, nimefunga, nimepeleka jina kwenye maombi, na sikumbuki hata siku moja niliyopiga magoti kushukuru kwa lile lililobaki. Yeye mwenyewe aliyepofuka jicho alishukuru. Tena hakuandika "nashukuru kwa yote" kama tunavyoandika sisi ili tumalize haraka, alitaja kitu chenyewe na mtu mwenyewe.

Tangu siku hiyo Luka 17 naisoma kivingine. Wakoma kumi walipaza sauti wote, yaani kwenye kuomba hakukosekana hata mmoja. Kwenye kushukuru akarudi Msamaria peke yake, na Bwana akauliza wale kenda wa wapi. Hebu angalia grupu letu la maombi, ombi la visa, ombi la kazi, ombi la mchumba, ujumbe mia kwa wiki, halafu mtu anapata visa anapanda ndege kimya na hatumsikii tena. Mimi mwenyewe nimo kwenye hao kenda, nimekaa nao miaka.

Na kushukuru siyo kujifanya hujaumia. Mama alilia alipopoteza jicho, nilikuwepo. Mariamu naye alimwimbia Mungu kabla hajajua atajifungulia wapi, na mambo hayakulainika, akaishia kumlaza mtoto horini kwa sababu nyumba ya wageni hapakuwa na nafasi. Kwa hiyo ndugu yangu usisubiri mambo yanyooke ndo ushukuru. Shukuru leo kwa maji yaliyotoka bombani, kwa dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja kuwaandalia watoto wako, na yeye mwambie, usiishie kumwambia Mungu tu. Baba mwenye nyumba, mke wako amepika miaka kumi na tano, ulishawahi kuweka kijiko chini ukamwambia asante? Tunatoa shukrani madhabahuni kwa mbwembwe na nyumbani tunanuna, wapendwa hiyo haipendezi, kwa kweli haipendezi.

Basi nawatakia Krismasi njema na mwaka mpya 2025 wenye heri, afya na baraka tele. Walio safarini Mungu awafikishe salama, madereva wasikimbizane. Wafiwa Bwana awafariji. Wagonjwa wapone.

Ile bahasha bado ninayo, sijaifungua tena. Jumatano nitaipeleka Marangu kwenye ibada, naiweka kama ilivyo na elfu moja yake. Pembeni yake nitaweka yangu, nimeshaiandika jana usiku: "Nashukuru kwa dada aliyelipa ada ya Septemba na hakumwambia mtu." Dada, najua unasoma hapa. Sikukwambia asante siku ile, niliona aibu nikasema tu "imefika." Asante sana dada yangu.

Mimi napanda basi la Jumatatu alfajiri pale Mbezi, anayesafiri siku hiyo anicheki tuongozane.