Kabla ya kununua seva ya katalogi ya taifa, safisheni rekodi

Ndugu Mhariri,

Kila linapoibuka wazo la kuziunganisha katalogi za maktaba za vyuo vikuu vya nchi nzima, swali la kwanza mezani huwa ni programu gani inunuliwe na seva ikae wapi. Hayo ndiyo maswali mepesi. Rekodi ya kitabu kimoja katika muundo wa MARC 21, kiwango cha kuandika rekodi za maktaba ili mashine izisome, kwa kawaida ni kilobaiti 1 au 2 tu; rekodi milioni moja zinaenea kwenye flashi ya mfukoni na nafasi ikabaki. Programu huria za kuendeshea maktaba nazo zipo, Koha ikiwa mojawapo. Kinachokwamisha miradi ya namna hii ni hali ya rekodi zenyewe na kukosekana kwa watu wanaolipwa kuzihariri. Kwa hiyo ombi letu kwa wapangaji ni moja: bajeti igeuzwe. Sehemu kubwa iende kwenye usafishaji na uoanishaji wa rekodi, mashine zifuate nyuma.

Njia za kuunganisha ziko mbili. Ya kwanza ni kuacha kila katalogi ilipo, na swali la msomaji likarushwa kwenye seva zote kwa mpigo kupitia itifaki ya Z39.50. Kuianzisha ni rahisi na hupendeza sana kwenye uzinduzi. Zikishafika seva ishirini, shida huanza: jibu husubiri seva iliyo nzito kuliko zote, maktaba iliyokatikiwa umeme haionekani wala msomaji haambiwi, na kitabu kilekile hujitokeza mara kumi kwa tahajia kumi. Ya pili ni kukusanya nakala za rekodi zote katika hifadhidata moja, ichote mabadiliko kila usiku kwa itifaki ya OAI-PMH, huku kila chuo kikiendelea na mfumo wake wa kuazimisha. Sisi tunaipendelea ya pili bila kusita. Intaneti ikikatika chuoni, dawati la kuazima linaendelea na kazi, na msomaji wa mbali bado anaona kilichomo.

Tatizo ni kwamba ukikusanya, unakusanya pamoja na taka.

Chukulieni rekodi za zamani zilizotengenezwa kwa CDS/ISIS, programu ya UNESCO iliyosambaa katika maktaba nyingi kuanzia mwaka 1985. Faili lake la kuhamishia huitwa ISO 2709, jina lilelile la umbo la MARC, na wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Kwanza, namba za tagi, yaani zinazotambulisha kila sehemu ya rekodi, zilipangwa na kila maktaba kivyake: kichwa cha kitabu kinaweza kuwa tagi 24 huku, tagi 200 kule. Pili, faili hilo hukatwa mistari ya herufi 80, na programu inayosoma MARC ikikutana na alama hizo za kukata mstari hupoteza hesabu ya urefu na kuitupa rekodi nzima. Ziondoeni alama hizo kwanza, kisha chorwe jedwali la tagi kwa tagi, ndipo ugeuzaji ufanyike. Wanaotoka kwenye Koha nao wajihadhari na jambo jingine: ISO 2709 huandika urefu wa rekodi kwa tarakimu 5, hivyo ukomo wake ni baiti 99,999. Kitabu cha kiada chenye nakala mamia, kila nakala na tagi yake ya 952, kinaweza kuuvuka. Hamisheni kwa MARCXML, yaani MARC iliyoandikwa kwa XML, na tatizo hilo halitawagusa.

Herufi nazo zina balaa lake. Nafasi ya 09 katika kichwa cha rekodi (herufi za utangulizi wake) ikiwa na “a”, mashine huamini kwamba maandishi ni ya UTF-8, usimbaji wa kisasa wa herufi. Ikiwa rekodi ni ya MARC-8, usimbaji wa zamani, lakini imebandikwa “a”, majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa alama za juu na chini hugeuka alama zisizosomeka. Kasoro hii irekebishwe kabla ya kupakia, kwa sababu baada ya kupakia na kuhifadhi upya, herufi halisi huwa zimekwishapotea.

Halafu kuna makosa madogo ambayo hayaonekani hadi siku msomaji anapotafuta. Lugha ya kitabu huandikwa kwenye tagi 008, nafasi ya 35 hadi 37. Kiswahili ni “swa”. Wakutubi wengi hutumia kiolezo kilichojazwa “eng” na husahau kukibadilisha, kwa hiyo anayechuja vitabu vya Kiswahili hupata sehemu tu ya vilivyomo rafuni. Vivyo hivyo kiashiria cha pili cha tagi 245, kinachoiambia mashine iruke herufi ngapi wakati wa kupanga. Kwa kitabu cha Kiswahili ni 0. Kwa kitabu cha Kiingereza kinachoanza na “The” ni 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Aliyezoea 0 huacha 0, na vitabu vyote vya aina hiyo vinakusanyika chini ya T. Makosa haya mawili yanaweza kusahihishwa kwa maelfu kwa programu ya bure ya MarcEdit, kwa mchana mmoja, mradi awepo mtu anayejua cha kutafuta.

Tuje kwenye kiini cha kazi, yaani kutambua kwamba rekodi mbili ni za kitabu kimoja. Watu hukimbilia ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, na kweli ndiyo ya kuanzia, lakini haitoshi peke yake. Tangu Januari 2007 ISBN ina tarakimu 13, na vitabu vya kabla ya hapo vina 10. Lazima zote zigeuzwe ziwe 13 kabla ya kulinganishwa. Toa tarakimu ya mwisho, weka 978 mbele, kisha piga hesabu upya ya tarakimu ya ukaguzi: zidisha kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumlisha, tafuta kinachopungua kufikia makumi yanayofuata. Namba 0306406152 huwa 978030640615 bila tarakimu ya mwisho; jumla inakuja 93, kinachopungua kufikia 100 ni 7, basi namba kamili ni 9780306406157. Kuibandika 978 mbele na kuacha ile 2 ya zamani mwishoni ni kosa tunalolikuta mara kwa mara, na rekodi hiyo haitaoana na mwenzake milele. Kuna pia wachapishaji wanaorudia ISBN moja kwa vitabu viwili tofauti, na seti za juzuu kadhaa ambazo kila juzuu hubeba namba ya seti nzima.

Kwa hiyo ISBN ithibitishwe na kichwa, mwaka na idadi ya kurasa. Kichwa kigeuzwe herufi ndogo na kuondolewa vituo. Mwaka usomwe kwenye tagi 260 na 264 pia, maana waliohamia kanuni za uorodheshaji za RDA, zilizotolewa mwaka 2010, wanatumia 264 na waliobaki na kanuni za zamani za AACR2 wanatumia 260. Kurasa zilinganishwe kwa namba tu, mmoja ameandika “uk. 214”, mwingine “214 p.”, wa tatu “kurasa 214”.

Hapa kwetu wasomaji wa Kiswahili kuna mtego mmoja mahsusi: chapa na toleo. Nyuma ya ukurasa wa jina kitabu huonyesha chapa ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na mwaka wake, ilhali maandishi hayakubadilika hata nukta. Mkutubi mmoja anachukua mwaka wa chapa ya kwanza, mwingine wa chapa iliyo mkononi mwake, na kitabu kimoja kinazaa rekodi tatu. Kanuni iandikwe wazi: chapa tupu haitengenezewi rekodi mpya, mwaka wake uingie kwenye maelezo ya nakala. Rekodi mpya ni kwa toleo lililorekebishwa.

Mashine ikishindwa kuamua, isiunganishe. Tunalisisitiza hili kwa sababu wauzaji wa programu hupenda kujisifu kwa asilimia ya rekodi zilizounganishwa zenyewe. Rekodi rudufu inaudhi, lakini rekodi mbili za vitabu tofauti zikiunganishwa kimakosa, msomaji anaagiza kitabu asichokitaka na kile anachokitaka kinatoweka kabisa katika katalogi. Namba ya asili ya kila rekodi, pamoja na alama ya maktaba ilikotoka, ibaki kwenye tagi 035, ili muungano mbaya uweze kufumuliwa. Na msichague rekodi mama, yaani ile itakayobaki baada ya muungano, kwa kuangalia nafasi ya 17 ya kichwa cha rekodi peke yake. Hiyo ikiachwa wazi maana yake ni rekodi kamili, na uvivu nao huiacha wazi.

Kuhusu majina ya waandishi, ungeweza kuandikwa waraka mzima. Mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitabu hiki, Muhammad kwenye kile, Mohammed kwenye tasnifu yake. Jina la mtu likifuatiwa na la baba na la babu, maktaba moja hulipindua na kulitanguliza la babu kana kwamba ni la ukoo, nyingine hulianza kama lilivyo. Dawa ni faili la pamoja la majina sanifu: kila mwandishi rekodi yake moja, umbo lililochaguliwa kwenye tagi 100, maumbo mengine yote kwenye tagi 400 ili yampeleke msomaji mahali pamoja. Poland ilizindua katalogi yake ya NUKAT mwaka 2002 baada ya maktaba kushirikiana kwanza kwenye faili la namna hii, na mpangilio huo ni wa kuigwa. Anzeni na waandishi wa nchini. Wa nje wamekwishashughulikiwa na maktaba kubwa za dunia.

Mada hali kadhalika. Vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani vibaki kwenye tagi 650 yenye kiashiria cha pili 0, lakini rekodi hiyohiyo inaruhusu tagi 650 nyingine yenye kiashiria 7, na jina la orodha yetu kwenye sehemu ndogo ya 2. Mwanafunzi akiandika “kilimo cha umwagiliaji” apate vitabu. Orodha ya Kiswahili haihitaji kuwa kamili siku ya kwanza. Mada zinazotumika zaidi zitangulie.

Tasnifu ndizo tungependa zipakiwe mwanzo kabisa. Vitabu vya kigeni vina rekodi tayari huko nje, na Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa ikiruhusu zake zichukuliwe bure. Tasnifu ya shahada iliyo katika nakala mbili kwenye chuo kimoja hakuna duniani atakayeiorodhesha isipokuwa chuo hicho. Haina ISBN, mara nyingi kichwa kimechapwa chote kwa herufi kubwa, kwa hiyo iingizwe kwa uangalifu: mwandishi, kichwa, mwaka, na tagi 502 yenye shahada na chuo.

Majarida yasubiri awamu ya pili. Taarifa za nani ana miaka ipi na namba zipi zimepotea ni kazi ya mikono kabisa.

Kila maktaba ipewe alama ya ISIL, yaani alama ya kimataifa ya kuitambulisha maktaba, kiwango cha ISO 15511, inayoanza na herufi mbili za nchi, na tawi la kampasi nyingine lipewe yake. Jambo linalosahaulika ni vitabu vilivyotolewa rafuni. OAI-PMH inaweza kutangaza rekodi iliyofutwa, lakini itifaki hailazimishi mfumo kutunza kumbukumbu hiyo, na baadhi hazitunzi. Basi mara moja kwa mwaka kila maktaba ilete orodha nzima ya namba zake, na kilichokosekana kiondolewe. Bila hivyo, baada ya miaka mitano katalogi itakuwa inatangaza vitabu ambavyo havipo.

Sasa watu. Tuseme maktaba moja inaleta rekodi 80,000 na asilimia 5 mashine imeshindwa kuziamua. Hizo ni 4,000. Mhariri akipitia 60 kwa siku, ni siku 67 za kazi kwa maktaba hiyo moja. Wahariri wawili au watatu wa kudumu, wakutubi wenye uzoefu na si wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ni kiwango cha chini. Wawe na mamlaka ya kubadilisha rekodi ya chuo chochote, na alama yao ionekane kwenye tagi 040 kila wanapogusa. Vyuo navyo vipate kitu papo hapo: mkutubi anayepokea kitabu kipya atafute kwanza kwenye hifadhidata ya pamoja, aishushe rekodi iliyopo, aongeze nakala zake tu. Ndivyo vyuo 54 vya Ohio vilivyoanzisha OCLC, ushirika wa katalogi ya pamoja, mwaka 1967 vilivyokusudia, kuorodhesha mara moja na kutumia mara nyingi. Maktaba isiyopata unafuu huo itachangia mwaka wa kwanza kwa sababu ya barua kutoka juu, kisha itaacha.

Majaribio yaanze na maktaba nne au tano zenye mifumo tofauti kwa makusudi, rekodi 1,000 kutoka kila moja, zichukuliwe kutoka miaka mbalimbali badala ya zile nzuri za karibuni. Na mkataba wowote na mtoa huduma uwe na kifungu kinachowapa vyuo haki ya kuchukua rekodi zote, nakala na faili la majina, kwa MARCXML, wakati wowote bila malipo. Haki hiyo ijaribiwe kwa vitendo, faili lipakiwe kwenye programu nyingine na rekodi zihesabiwe, kabla malipo ya mwisho hayajatoka.

Ni sisi,
Wakutubi wa uorodheshaji