Ardhi ya hifadhi ikimegwa, mkutano wa kijiji uwe na kauli

Mhariri,

Nimefuatilia madai ya wananchi wa magharibi mwa Marekani wanaotaka ardhi ya serikali kuu ikabidhiwe majimbo yao, na naona yanatuhusu sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria. Huko Utah, ambako serikali ya shirikisho inamiliki zaidi ya asilimia 60 ya ardhi, sheria ya kudai makabidhiano hayo ilipitishwa mwaka 2012, na mwaka 2024 jimbo likaiomba Mahakama ya Juu isikilize dai la ekari milioni 18.5, ombi lililokataliwa Januari 2025.

Kilio chao nakielewa, kwa kuwa anayeamua habari za malisho akiwa mbali mno hamjui mfugaji. Hata hivyo, Nevada iliwahi kupewa ardhi na serikali kuu, ikaiuza karibu yote.

Kwetu, Rais Magufuli alipoagiza Januari 2019 kwamba vijiji vilivyomo hifadhini visiondolewe, nilifurahi kwa dhati. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, na pale mkutano huo usipoitishwa, wenye fedha ndio wanaotangulia, hasa ufukweni.

Nawaomba wabunge wa Mwanza wadai kwamba eneo lolote la hifadhi litakalomegwa likabidhiwe kijiji likiwa limekwisha kupimwa, lina mpango wa matumizi ya ardhi, na limetengewa njia za wavuvi kufika majini.

Msomaji,
Sengerema, Mwanza