Athmani, muulize mzee habari za tanuu

Manchester, Jumapili usiku

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, baridi tu ndiyo hasimu. Mama hajambo? Swaleh bado anagombana na punda wa jirani? Nina ombi, na sitaki lipotelee kwenye salamu: mrekodi babako akisimulia tanuu, lile la kuchomea chokaa.

Zaynabu aniambia babako siku hizi havuki tena kwenda kisiwani Manda, na masikio yamekuwa mazito. Basi jana nimezunguka kutwa nikimuwaza yeye. Tulikwenda Buxworth, kijiji cha Derbyshire, tukafuata njia ya kando ya mfereji wa Peak Forest, matope hadi vifundoni (viatu vyangu vyeupe, innalillahi). Mfereji huo ulichimbwa miaka ya 1790 hasa kwa ajili ya mawe ya chokaa ya Dove Holes. Machimbo yako juu milimani, maji hayapandi, kwa hiyo mhandisi Benjamin Outram akatandika reli ya karibu kilomita 10 mpaka bandari ya mfereji hapo Buxworth, ikaanza kazi 1796. Injini hakuna! Mabehewa yaliyojaa yalishuka kwa uzito wake wenyewe, kisha farasi wakayarudisha matupu. Reli ziligongomewa juu ya mawe yaliyotobolewa, moja kushoto, moja kulia, ili katikati farasi apite bila kujikwaa. Mawe hayo yapo hadi leo, matundu yake wazi.

Na tanuu, Athmani! Mabaki yake yako hapo hapo karibu na gati. Mawe mengine yalichomwa papo hapo, mengine yakapakiwa kwenye mashua. Nikaona Maweni ya Manda kabisa: machimbo, mashua, chokaa, ukuta.

Reli ilikufa miaka ya 1920, bandari ikaota magugu. Mwaka 1968 watu wa kujitolea wakaanza kuifukua kwa majembe. Mashua zikarudi 1999, maji yakavuja, wakafunga, wakaziba, wakafungua tena 2005. Wana subira hawa, siwanyimi haki yao. Lakini gati unaweza kulifukua. Jicho la mchomaji, lile la kujua jiwe limeiva, unalifukua wapi?

Ndiyo maana nasema mzee arekodiwe. Mwambie ni mimi nataka, asije akadhani ni wale wa miradi. Wale atawafukuza, na ana haki.

Muulize walichoma kwa magogo ya mikoko au ya minazi? Moto ulikaa siku ngapi? Upepo ukigeuka walifanyaje? Chokaa ikishamwagiwa maji, waliiacha muda gani kabla ya kupiga lipu? Na ile sehemu ya tanuu nyuma ya shamba, ni kweli wanataka kuiuza, au ni maneno ya Zaynabu tu? Simu yako ina nafasi, au bado imejaa video za harusi? Na Swaleh, atanilipa lini?

Wako,
Omari