Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo: rejista za shule ya misheni zisichomwe

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini zilipigwa muhuri wa kupokewa na mpaka leo hazijajibiwa. Jina la chuo tumeliacha nje ya barua hii. Wewe unalijua, na haja yetu ni kuokoa vitabu vya rejista za shule ya misheni iliyozaa chuo hicho, si kumwaibisha mtu.

Mwezi uliopita kontrakta aliezua paa la ofisi ya zamani, lile jengo la matofali la wakati wa misheni, ili ligeuzwe ukumbi wa mihadhara. Vitabu vilivyokuwa kabatini vilitolewa nje vikafunikwa sandarusi. Mvua ya jioni ikaja kama ilivyo kawaida ya huku. Vilivyolowa vilitiwa kwenye magunia na kufungiwa katika stoo ya saruji isiyo na dirisha. Vile vilivyobanduka majalada vilipelekwa jikoni kuwashia moto. Tulipouliza, tuliambiwa hayo ni makaratasi ya kanisa, hayahusu chuo cha serikali.

Mheshimiwa, jibu hilo si sahihi kwa upande wowote. Ikiwa ni kumbukumbu za umma, Sheria ya Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, Sura ya 19, hairuhusu ziharibiwe bila idhini ya Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Ikiwa ni za kanisa, basi ni mali ya mwenzako, na mali ya mwenzako haiwashiwi jiko. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 17, inaitaka kila taasisi ya umma itunze kumbukumbu zake na iziingize kwenye kompyuta ndani ya miaka 3. Miaka hiyo ilikwisha zamani.

Hakuna aliyeanzisha elimu huku magharibi mwa Kenya kwa tangazo la gazeti la serikali. Kaimosi ilianza mwaka 1902, walipofika Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson wa misheni ya Friends, yaani Wakweka, na tangu mwanzo masomo yalikwenda sambamba na kazi za mikono kama kupasua mbao na kufyatua matofali. Leo jina la Friends limo katika jina la chuo kikuu cha umma kilichoanza mwaka 2015 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Shule ya Maseno ilianzishwa na CMS, misheni ya Kianglikana, mwaka 1906, enzi za mmisionari J. J. Willis, na Carey Francis akaiongoza shule kuanzia 1928 hadi 1940. Shule ile ingali shule ya upili. Chuo kikuu kilicho jirani yake kilitokana na kuunganishwa kwa Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya kufundisha maofisa mwaka 1990, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi, kisha kikasimama chenyewe mwaka 2001. Sehemu moja, taasisi kadhaa, na kila moja ilikuwa na rejista yake. Anayetafuta jina la babake akianzia kwenye mlango usiokuwa wake, ataambiwa hakuna mtu kama huyo, na ataondoka akiamini.

Tunadhani shida yenyewe ilianzia kwenye makabidhiano. Tume ya Ominde ya 1964, iliyochunguza elimu ya nchi, na baadaye Sheria ya Elimu ya 1968 ziliziondoa shule mikononi mwa misheni. Serikali ikachukua mishahara, mitihani na uendeshaji, kanisa likabaki mdhamini. Walimu walihamishwa kwa orodha, madawati yalihesabiwa, lakini kabati la karani halikuandikiwa mwenyewe. Kisha shule ikawa chuo cha ualimu, chuo cha ualimu kikawa chuo hiki, na kila mara ofisi mpya ilihesabu vifaa vyake tu. Ndiyo maana leo kanisa linasema vitabu ni vya chuo, na chuo kinasema ni vya kanisa.

Huenda hujapata kufungua rejista moja ya kuandikisha wanafunzi, kwa hiyo tukueleze kilichomo. Kuna nambari ya kuandikishwa, jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba, chifu na lokesheni, shule aliyotoka, darasa aliloingia, na mwaka wa kuzaliwa uliokadiriwa. Mwishoni kuna tarehe ya kuondoka na sababu yake: amefaulu, amekosa karo, ameoa, amekwenda kazini. Mtoto aliingia na jina la nyumbani akatoka na jina la ubatizo, na safu hizo mbili zikiwa kwenye mstari mmoja ndizo ushahidi kwamba ni mtu mmoja. Cheti chake kina jina moja, kitambulisho kina jingine. Bila ule mstari, mjane anazungushwa kutoka dirisha hadi dirisha akifuatilia malipo ya marehemu mumewe.

Umri nao uko humo humo. Walimu wengi wa rika la wazee wetu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka uliokadiriwa na karani wa misheni ndio uliofuata kwenye faili la kazi, na kwenye faili ndiko umri wa kustaafu ulikohesabiwa, ukiwa miaka 55 kabla ya kupandishwa kuwa 60 mwaka 2009. Faili mbili zikitofautiana, kinachoamua ni kitabu cha kwanza. Ndicho kilichomo kwenye gunia.

Na kuna ardhi. Hapa tunakuomba usikilize hata kama mengine utayapuuza. Viwanja vingi vya misheni vilitolewa na koo za mahali hapo, baadaye vikapitia kwenye mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa kuanzia 1924, ndipo vikaandikwa kwa jina la wadhamini wa kanisa. Chuo kilipoundwa, notisi ya kisheria ilitaja chuo, haikuhamisha hati miliki. Siku mzozo ukifika mahakamani, wakili ataanza kwa kuuliza nani alitoa kipande gani, kwa masharti gani, na mpaka ulipita wapi. Majibu hayo yamo kwenye kumbukumbu za mikutano ya kamati ya shule na barua za DC, yaani mkuu wa wilaya, zilizobandikwa ndani yake kwa gundi. Ukichoma daftari lile umechoma utetezi wa chuo chako mwenyewe.

Sasa kuhusu hali ya magunia. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku 2 au 3, hasa mahali pasipopita hewa. Wino wa zamani wa kahawia huvumilia maji kiasi, lakini penseli ya kopia hugeuka zambarau na kutiririka, na mihuri hufutika. Vitabu vikikauka vikiwa vimebanwa, kurasa hugandana na kuwa tofali moja. Kuvianika juani si dawa, maana vitapinda na kukatika. Wala msipulize dawa ya wadudu juu ya karatasi. Tumesikia kuna aliyemwaga mafuta ya taa kuzuia mchwa. Tafadhali akome.

Kinachofaa hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Vitabu vitolewe kwenye magunia vikiwa vimeshikwa kwa chini kwa mikono miwili, visifunuliwe kwa nguvu. Visimamishwe wima kivulini, chumba kiwe na madirisha mawili yanayotazamana au feni. Kila baada ya kurasa 10 au 15 itiwe karatasi nyeupe isiyo na maandishi, ibadilishwe ikishalowa. Vikiwa vingi kuliko mikono iliyopo, vifungwe kimoja kimoja kwa karatasi ya mafuta na kuwekwa kwenye friza. Kisumu haikosi friza za samaki, na baridi husimamisha ukungu mpaka nafasi ipatikane. Karatasi zilizokauka zipigwe brashi laini, pini zenye kutu ziondolewe taratibu. Selotepu isiguse ukurasa, wala mtu asilaminishe chochote, kwa sababu hakitaweza kubanduliwa tena.

Baadaye ndipo orodha iandikwe, kwa penseli: nambari ya kitabu, kichwa kama kilivyo kwenye jalada, mwaka wa kwanza na wa mwisho, idadi ya kurasa, hali yake. Picha zipigwe kwa simu iliyosimamishwa kwenye stendi, kando ya dirisha, bila taa ya kamera, kila ukurasa mzima hata ule mtupu, maana ukurasa ulioachwa ukionekana umerukwa, wakili wa upande wa pili atasema umefichwa. Nakala ziwe 3, na moja ikae nje ya chuo. Rafu ziwe za chuma, zisiguse ukuta, na ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni.

Wengi wetu tumefanya kazi hizi kwenye maktaba na ofisi za shule. Hatuombi malipo. Tunaomba ufunguo wa stoo na meza.

Mheshimiwa, kwenye mahafali, mbele ya wazazi na maaskofu, uliahidi chumba cha historia ya chuo. Ulisema kitafunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Ahadi ni deni, na hatujaja kudai chumba. Chumba kinaweza kusubiri bajeti, vioo na utepe wa kukata. Magunia hayawezi kusubiri. Wiki ijayo kontrakta anarudi kumwaga sakafu, na tumesikia stoo itabomolewa.

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Toa amri kwa maandishi, leo, kwamba hakuna karatasi itakayotoka kwenye stoo hiyo kwenda jikoni wala jalalani mpaka orodha iwe imeandikwa na kutiwa saini na watu watatu: wa chuo, wa kanisa, na ofisa wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Usichome. Hata vile vinavyonuka, hata vile visivyosomeka, usichome.

Nakala ya barua hii tumempelekea katibu wa kanisa mdhamini. Tunasubiri jibu lako kabla kontrakta hajarudi.

Ni sisi,
Wanafunzi wa zamani na walimu wastaafu,
Kisumu