Somo, usinunue kabla hujanisoma

Kwako Somo,

Salamu nyingi. Hujambo, na wote nyumbani hawajambo? Huku tu wazima. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na ule ujumbe wa sauti uliouliza "umenisusa?" niliusikiliza mara mbili. Sijakususa. Nina kazi ya kusikiliza mahojiano na kuyaandika, toka asubuhi hadi jioni, na jioni ikifika hata simu sitaki kuiona. Lakini jana wifi kanipigia, katikati ya habari zake nyingi akasema umeamua kununua hedifoni za kukaa juu ya masikio, umeshazichagua, umezipendea picha na jinsi watu wanavyosifu besi yake. Nikasema hapana, hii haingoji wikendi. Naandika leo hii hata kama ni usiku.

Usinunue bado. Nisome kwanza hadi mwisho.

Kwa nini umezikimbia zile za kuchomeka ndani ya sikio, naelewa. Masikio yako tangu tunakaa dawati moja hayapendi kuingiliwa na kitu, na kila mwezi ni kuwasha na matone. Zile kubwa za kufunika sikio zima umesema zinakutoa jasho na haziingii kwenye mkoba. Basi za juu ya sikio ndiyo njia ya katikati, na hapo sikupingi. Ni nyepesi, zinakunjika, nyingi ni za bei nafuu, na mtu akikuita unamsikia. Nazipenda, ndizo ninazovaa siku nzima. Ila zina tatizo moja ambalo picha haiwezi kukuonyesha. Zile kubwa mto wake unakaa kwenye mfupa, unalizunguka sikio. Hizi zinalikalia sikio lenyewe, kwa hiyo mbano wote unabebwa na ile gegedu laini, nayo gegedu dakika tano za kwanza hailalamiki hata kidogo.

Zangu za kwanza nilizijaribu kwa wimbo mmoja. Sauti ilikuwa tamu, nikalipa nikaondoka. Siku iliyofuata nilikaa nazo kazini, na kwenye dakika ya arobaini hivi nikaanza kuhisi joto juu ya sikio la kushoto. Nikapuuza. Baada ya saa mbili nikazivua, na maumivu yakaja yote kwa pamoja, kama vile yalikuwa yanangoja nizivue. Nikajipapasa nyuma ya sikio: pale mkono wa miwani unapopita, kati ya sikio na kichwa, palikuwa na mfereji. Mfereji kweli, Somo, ukucha wa kidole kidogo ulikuwa unaingia. Hedifoni inasukuma sikio, sikio linasukuma mkono wa miwani, na mkono wa miwani hauna pa kwenda isipokuwa kwenye ngozi.

Na wewe sasa una miwani. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nimekuja kulielewa jambo hili polepole. Hedifoni ndogo ili itoe besi inabidi mto wake uzibe vizuri juu ya sikio. Upepo ukipata upenyo tu, besi inavuja. Njia rahisi ya kuziba ni kubana. Kwa hiyo hiyo besi wanayoisifu, sehemu yake unailipia kwa masikio yako. Sisemi zenye besi zote zinaumiza. Nasema ukisikia mtu anasifu besi halafu hataji amezivaa kwa muda gani, hajakuambia chochote cha kukusaidia. Halafu usidanganyike na uzito. Kuna zenye gramu 120 zinazobana kama koleo, na kuna nzito kuliko hizo ambazo unasahau umezivaa. Kinachoamua ni nguvu ya upinde, ule unaopita juu ya kichwa, na upana wa mto: mbano uleule ukitua kwenye kimto kidogo kigumu unachoma, ukitawanyika kwenye mto mpana laini unavumilika.

Kwa hiyo ukienda kujaribu, vaa na miwani yako, ile unayovaa kila siku. Vuta upinde mpaka katikati ya kikombe cha sauti ikae sawasawa na tundu la sikio, maana wengi wanauacha mfupi, kikombe kinaning'inia juu na kukandamiza ukingo wa sikio. Angalia kama vikombe vinazunguka kidogo, mbele na nyuma, juu na chini, vifuate mwelekeo wa kichwa. Vikiwa vimekaza kama mlango, sikio ndilo litakalojipinda. Kisha usizivue. Zunguka, tazama bidhaa nyingine, inama kama unafunga kiatu, piga soga na muuzaji nusu saa nzima. Akikuharakisha, huyo si wa kununua kwake. Na kama unaagiza bila kuzishika, hakikisha kwanza wanakubali kurudishiwa, usitupe boksi mpaka wiki ipite.

Kama utakuwa umeshazinunua na zinabana kidogo tu, kuna dawa. Panga vitabu mpaka vifikie upana wa kichwa chako na nusu kidole zaidi, zivishe juu yake, zilale hivyo usiku kucha. Asubuhi jaribu, na kama bado, rudia. Zangu za sasa nilizilaza usiku nne kwenye kamusi mbili na bati la biskuti (tupu, usiniulize), na zikalegea hadi pale ninapotaka. Usizitanue kwa mikono, hasa zenye upinde wa plastiki mtupu, zinakatika pale pembeni unaporefushia. Na usizidishe: zikilegea kupita kiasi zinateleza ukiinama, besi nayo inapotea.

Mito nayo. Zile za kwanza zilikuwa na ngozi bandia, nyeusi, ya kung'aa. Mwaka haujaisha ikaanza kubanduka. Kila nikizivua nina vipande vyeusi kwenye masikio, kwenye kola, hata kwenye nyusi, na mama mkubwa siku moja akanishika kidevu kunifuta akidhani ni masizi. Chini yake sponji ilikuwa nzima kabisa. Nilipotafuta mito mingine nikaambiwa za aina ile haziuzwi peke yake. Yaani kitu kizima kikafa kwa ajili ya ngozi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza dukani si sauti, ni kama mito inatoka na kama ya kubadilisha inapatikana. Sponji tupu haina urembo, lakini inapitisha hewa, haikutoi jasho, inaoshwa, na kuibadilisha ni rahisi. Ngozi bandia inazuia kelele zaidi kidogo, ila masikio yanapata joto. Kwako wewe na hiyo miwasho, ningesema sponji.

Hapo ndipo nataka nikutajie Koss Porta Pro. Zinaonekana za kizamani kwa sababu kweli ni za kizamani, zilitoka mwaka 1984 na hadi leo zinauzwa karibu na umbo lilelile. Mito ni sponji. Na zina kitu ambacho sijui kwa nini wengine hawakuiga: juu ya kila sikio kuna kimto kingine kinachoegemea kichwa, na kidude cha kusogeza kinachoamua mbano uende zaidi kichwani au zaidi sikioni. Mwenye miwani anaelewa thamani ya hicho kidude siku ya kwanza. Sauti yake ni ya joto, besi ya kutosha. Sasa ubaya wake, maana sitaki uje kunilaumu: upinde ni mabati mawili membamba yanayoteleza, na yananasa nywele. Ukizivua kwa haraka utalia. Waya wa zile za kawaida haung'oki, ukikatika ni fundi. Na zinavujisha sauti pande zote mbili. Jirani kwenye basi atasikia hadithi yako, nawe utasikia simu yake. Za nyumbani, ndiyo. Za safarini, hapana.

Ukitaka zisizo na waya, kuna Sony WH-CH520. Gramu 147, betri wanaitaja saa 50, na zinashika vifaa viwili kwa wakati mmoja, simu na kompyuta, jambo linaloondoa usumbufu mwingi. Au JBL Tune 510BT, saa 40, ila hizo nilipozijaribu nilihisi zinabana zaidi, na kichwa changu si kikubwa. Jua mapema kwamba zote mbili hazina tundu la waya. Chaji ikiisha, imeisha, huwezi kuchomeka ukaendelea. Jambo jingine ambalo hawaliandiki kwenye boksi: hedifoni nyingi za Bluetooth ukizitumia kwa kuongea kwenye kompyuta, maikrofoni ikiwaka tu, muziki uliokuwa mtamu unageuka sauti ya simu ya mezani. Si mbovu. Bluetooth inagawa njia yake kwa kwenda na kurudi, na upande wa kusikiliza unabaki na nafasi ndogo. Nilisumbuka wiki nzima nikidhani zimeharibika. Kwa masomo yako ya jioni, kama mwalimu anakuuliza maswali na unamjibu, hilo litakuhusu.

Za waya zina raha yake. Hazihitaji chaji, sauti haichelewi nyuma ya picha ukitazama video, na hela yote uliyotoa imeingia kwenye sauti na upinde, si kwenye betri ambayo miaka michache inachoka. Sony MDR-ZX110 ni za bei ya chini kabisa na sauti si mbaya, ila vimto ni vyembamba, mimi dakika arobaini ndiyo mwisho wangu. Na kama simu yako haina tundu lile la duara la milimita 3.5, utahitaji kiunganishi kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la chaji. Hapo waya unapoungana ndipo unapofia, kwa hiyo usiukunje ukiuweka mfukoni. Maneno ya omu kwenye boksi, kile kipimo cha ukinzani wa umeme, usiyahangaikie. Kwa simu, 32 au 60, zote zinatosha.

Narudi kwenye miwani. Wifi anasema fremu zako mpya ni nene. Kama mikono yake ni minene, hata hedifoni nzuri itakuumiza, na kama ni myembamba ya chuma, nusu ya tatizo limeisha. Fikiria kuwa na ile miwani yako ya zamani yenye fremu za waya kwa ajili ya kusikiliza tu, kama bado inakuonyesha. Mimi nafanya hivyo, na mfereji umepona.

Kuna jambo jingine, nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Mara mbili za mwisho tulipoongea uliniuliza "unasemaje?" karibu kila sentensi, na nyuma yako nilisikia hadithi unayoisikiliza ikitoka kwenye visikizi vyako kana kwamba ni redio. Niliogopa, Somo. Hizi za juu ya sikio hazizuii kelele za nje kama zile za kuchomeka. Ukiwa kwenye kelele utaongeza sauti, kelele ikiongezeka utaongeza tena, na hutajua umefika wapi. Shirika la Afya Duniani kikomo chao kwa mtu mzima ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi 90 zinabaki saa 4 tu. Saa 4 kwa wiki nzima, wewe unazimaliza siku moja. Mimi naweka sauti nikiwa mahali pa kimya, kabla sijatoka, halafu siigusi tena. Nikishindwa kusikia, nasimamisha, nitaendelea nikifika. Nakuomba ufanye hivyo. Na kabla ya hedifoni yoyote, nenda ukapimwe masikio, nitakusindikiza ukitaka.

Sasa nijibu haya, yote, usiruke. Unasikiliza wapi zaidi, jikoni, kitandani au njiani? Kwa siku ni saa ngapi, ukweli wake? Simu yako mpya ina tundu la duara au haina? Kwenye masomo unaongea au unasikiliza tu? Mikono ya fremu ni chuma au plastiki? Ni sikio gani linalowasha, bado la kulia? Na huko kuulizauliza "unasemaje" kumeanza lini, nyumbani wameligundua au ni mimi tu? Zangu za sponji naweza kukutumia ukae nazo wiki moja uone, nimeshaziosha mito, unazitaka?

Nijibu haraka, kabla wifi hajatoka kwenda dukani. Namjua, akiona rangi nzuri hangoji mtu.

Wako,
Somo yako